Kiapo cha Kisimani

Fisi alicheka mara moja gizani, na kikao cha Undugu wa Kisimani kikavunjika.

Undugu huo uliasisiwa na wanyama wanne wakati wa ukame, wakaapa kwamba hakuna mwenzao atakayeachwa nyuma. Mwanachama mpya hakuitwa kwa jina lake mpaka atimize kiapo hicho. Kicheche alikuwa amewatekea maji misimu miwili, na bado aliitwa "Wewe."

"Wewe, kaa kule! Unanuka," Mwenyekiti Pundamilia alikuwa amemwambia jioni ileile, na Digidigi akacheka hadi akapaliwa.

Sasa wote walitimka. Pundamilia alinasa mguu kwenye tope, na Fisi akamjia akijilamba midomo. Kicheche peke yake akabaki. Akasimama katikati yao, akainua mkia. Fisi akapiga chafya, akatokwa machozi, akatoweka.

"Mbona hukukimbia?" Pundamilia aliuliza.

"Niliapa, kaka."

Wenzao walirudi wakinyatia. Digidigi akaziba pua. "Lo! Harufu gani hii?"

"Ya kiapo chetu," alisema Pundamilia. Kisha akainua kichwa, akaita kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde: "Dada Zawena!"