Taa ya Chooni

Je, choo chetu kinajua nini kuhusu mama ambacho sheria inakikataza kusema?

Vyoo vyote nchini hupima kinyesi na kutambua saratani ya utumbo mpana ingali changa, lakini taa ya ukutani humjibu mwenye kadi ya bima peke yake. Mimi, kwa kuwa nasoma chuo kikuu, nimepewa kadi, na huwashiwa kijani kila asubuhi. Mama, anayeshona sare za shule hapa nyumbani, hajawahi kuwashiwa chochote. Juzi nilimkuta akifua damu kwenye kanga yake.

"Bawasiri tu, mwanangu," alicheka. "Nakaa mno kwenye cherehani."

Leo, baada ya chakula, nilimvisha kadi yangu shingoni.

Baba mdogo Shekue aliguna. "Haya, msomi! Ugonjwa wake utaandikwa kwa jina lako. Watakufutia bima maisha yako yote."

"Najua, baba."

"Mimi sitaki," mama alisema, lakini mkono wake uliishika kadi.

"Kesho asubuhi mama ataingia na kadi hii," niliwaambia wote wawili. "Taa ikiwa nyekundu, nitampeleka hospitali, na nitawaambia huko kwamba choo chetu kilijua muda wote, kikanyamaza."