Kigoda cha Buluu

Watu watatu, kigoda kimoja. Hilo ndilo lililomnyima raha fundi cherehani.

Jumatatu alikikalia mshona viatu, ng'ambo ya njia, akielekea dirisha la fundi. Jumanne alikuwa mama mmoja mnene mwenye kapu la kufuma. Jumatano, mzee wa magazeti. Kigoda kilekile cha buluu, kilichobanduka rangi miguuni. Na kila fundi alipofungua pazia asubuhi, aliyekikalia alikibeba akaenda zake. Mshona viatu hakuwa na mteja hata wa dawa. Wiki ya tatu sasa tangu fundi aanze kuwaona, alishika kiatu kimoja tu cha kahawia, na sindano hajakitia.

Angemwambia nani? Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu atoke hospitali ya wagonjwa wa akili. Wiki zake za mwanzo wodini zilikuwa zimemtoka kabisa akilini, maana dawa zilimlevya. Kilichompeleka huko ndicho alichokikumbuka vizuri: aliona watu wanamfuatilia, na watu wenyewe hawakuwapo. Dada yake, mwenye ufunguo wa pili wa nyumba, alishamwambia bila kuficha, "Ukianza tena habari za kufuatiliwa, mdogo wangu, tunarudi siku hiyohiyo." Begi la hospitali bado lilikuwa chini ya kitanda.

Basi akawa anaandika kwenye daftari la vipimo, katikati ya viuno na mabega ya wateja: siku, saa, nani kakaa. Siku moja dada akalichukua mezani. Fundi akanyoosha mkono amnyang'anye. Kumbe dada alikuwa anacheka mwandiko tu.

"Herufi zako zote zimelala kushoto," akasema. "Zimechoka nini?"

Fundi naye akacheka, akalificha daftari chini ya mto.

Alhamisi, siku nyingine ya mama wa kapu, akamtegea. Hakufungua pazia. Alisimama nyuma yake akichungulia kwenye upenyo. Saa mbili ikapita, mama hajaondoka. Saa tatu mshona viatu akaja, wakanong'onezana wakiangalia dirisha. Kisha mama akavuka njia, akafika hadi mlangoni, akainua mkono abishe hodi. Akaushusha. Akarudi kuketi.

Fundi akaona heri nusu shari kuliko shari kamili. Akatoka vilevile alivyokuwa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mnanichunguza," akawaambia.

Alijua watakataa, na wakikataa, begi linatoka chini ya kitanda.

"Ndiyo," akajibu mshona viatu. "Tangu siku uliyotoka."

Mama akampisha kwenye kigoda, naye akakaa kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Akauliza ni nani aliyewatuma, huku akimkasirikia dada yake kwa kudhani ni yeye. Mama akasema taratibu kwamba wao watatu walipitia wodi ileile, kila mmoja kwa wakati wake, na siku hizi huenda kuwatembelea waliomo.

"Nimewauliza nani kawatuma."

Mshona viatu akatia mkono ndani ya kile kiatu cha kahawia, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Fundi akaikunjua juu ya goti.

*Asubuhi ndizo zinanishinda. Nikitoka, mtu akae ng'ambo ya njia mpaka nifungue pazia. Asinibishie hodi, nitaogopa. Nikipata nafuu, nami nipeni zamu.*

Herufi zote zilikuwa zimelala kushoto.