Simu ya Bosi Mwezi wa Kodi

"Hizi milioni tisa za won ulilipwa lini?" aliuliza mama wa ofisi ya kodi.

Garam, mchoraji wa kujitegemea, alitumbua macho. Studio aliyokuwa akiichorea ilikuwa imeiarifu ofisi ya kodi kwamba ilimlipa fedha hizo. Hakuwahi kuona hata won moja.

Simu ikatetemeka. Bosi wa studio.

Akakitazama kidole gumba chake, chenye kovu la mafuta ya moto alilolipata akimgeuzia bosi huyo nyama ya kuchoma kwenye karamu za ofisi. Mezani Garam aliitwa mwanafamilia. Alipougua akaomba likizo, akaambiwa yeye si mfanyakazi, ni mtu wa nje.

Kwa kidole hichohicho akapokea, akaweka spika.

"Garam mwanangu! Kwenye kodi ukiona milioni tisa, usishtuke. Sema tu ulizipokea, studio ipunguziwe kodi. Kodi utakayodaiwa wewe nitalipa mimi, na nyama juu yangu."

"Lakini bosi, si hukunipa kitu?"

"Sikukupa, ndiyo! Nani atajua?"

Mama wa kodi aliweka kalamu chini.

Garam akamsogezea simu taratibu, kwa mikono miwili, kama anayemmiminia mkubwa kinywaji.

"Bosi," alisema, "kuna mtu hapa anataka kukusalimia."