Kitambaa cha Makaa

Teke la tatu liling'oa kipande cha ubao chini ya mlango wa Kituyi. Mama Warigia, mwenye ploti, alikikanyaga kwa gambuti akaingia bila hodi.

"Wewe Kituyi, toka! Mguu wako umeoza, ploti yangu inanuka mpaka Langas yote inajua. Wapangaji wawili wamehama juu yako!"

Kituyi alikuwa kitandani, mguu wa kulia juu ya gunia. Msumeno wa mbao ulimrarua kule Timboroa miezi miwili iliyopita. Daktari alimwonya jambo moja tu: kidonda kikiingia matope, mguu utakatwa. Na nje mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

"Mama, mguu haunuki tena. Hospitali wamenifunga kitambaa kipya."

"Kitambaa! Nalala na hiyo harufu, naamka nayo. Jumapili imenifuata mpaka kanisani, watu wakahama benchi. Umeniaibisha mbele ya pasta!"

Alikuwa mama mgumu, tuseme ukweli, na siku hizi alikuwa amezidi. Kiu kutwa, hasira kutwa, na gambuti haimtoki, soksi mbili mbili ndani, eti miguu imekataa kupata joto. Kituyi alimchukia.

Leo Mama Warigia hakuja peke yake. Nyuma yake aliingia Mzee Joash, mwenyekiti wa chama mtaani, aliyeshinda juzi kwa kura ya mlolongo, watu wakipanga foleni nyuma yake, na bado alikuwa na hamu ya kuamua kesi. Vijana wawili wa chama walisimama mlangoni, tayari kubeba godoro.

"Haya, jitetee," Joash akasema.

Kituyi alimimina mafuta ya taa kidogo kwenye mkebe wa Kimbo, akampa mzee anuse. Joash akakunja uso. Kisha Kituyi akatoa chini ya mto kipande cha akiba cha kile kitambaa, cheusi tititi, laini kama leso.

"Daktari anasema hizi nyuzi zilichomwa zikawa makaa, zikabaki na vitundu vidogo, huwezi kuviona. Harufu ikiingia humo haitoki." Akakikunja mara nne, akafunika mkebe. "Nusa sasa, Mzee."

Joash alinusa. Akanusa tena, akaugeuza mkebe kuhakikisha hajadanganywa.

"Lete huo mguu."

Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa. Kituyi alizuia pumzi. Mzee akainuka.

"Huu mguu hauna neno."

"Uchawi!" Mama Warigia alipiga kelele. Akasogea mbele, ko, ko, ko, gambuti ikigonga saruji. "Kwani hamsikii? Iko hapa! Iko hapa hapa!"

Na kweli harufu ilikuwepo. Vijana walikuwa wamekunja nyuso. Joash alianza kuifuata kama mtu anayetafuta panya aliyefia ndani ya nyumba: akaondoka penye kitanda, akapita jiko, akapita ndoo, akasimama mbele ya Mama Warigia. Macho yake yakashuka miguuni. Kile kipande cha ubao cha mlangoni kilikuwa kimeganda chini ya soli ya gambuti, na msumari wake wote ulikuwa umezama ndani.

"Mama," akauliza polepole, "husikii uchungu?"

"Uchungu gani? Nimekuita uje unifukuzie mtu anayenuka!"

Joash alimkalisha kwenye stuli. Alipong'oa ubao, msumari ukatoka umelowa usaha. Akavuta gambuti, halafu soksi ya kwanza, halafu ya pili.

Wa kwanza kuziba pua alikuwa Mama Warigia mwenyewe.