Mgeni Aliyeshuka na Mafua

Nguruwe mmoja dume aliletwa kutoka ng'ambo, akashuka kwenye lori akipiga chafya. Bata akamwambia nguruwe jike mwenye zizi, "Mama Vitoto, huyu akae kando kwanza apone."

"Kwetu mgeni hatengwi. Labda kwenu huko majini," akajibu jike, akawapanga wanawe wamsalimie pua kwa pua.

Dume akasita. "Shemeji, nina mafua."

"Ni vumbi la njiani tu. Karibu nyumbani."

Wiki ilipoisha dume alikuwa mzima, anakula vizuri. Wana wawili walikuwa wamekufa kwa mafua yale yale. Akamwendea mama yao kumpa pole.

"Lakini nilikwambia, shemeji," akasema.

"Uliniambia," akajibu jike. "Ni mimi niliyewapanga."