Nyuki na Mti Usiochanua

Nyuki mmoja, hodari wa kutoa kasoro, alipita kila asubuhi kando ya msonobari akielekea kwenye alizeti.

"Jirani, mti gani huu?" alimwuliza Kindi aliyeishi matawini. "Hauna ua hata moja, na chavua yake inapeperushwa ovyo na upepo! Alizeti hunikaribisha kwa utamu kila siku."

"Alizeti ina haja nawe, mwenzangu," Kindi alijibu, mdomo umejaa mbegu. "Usipoibebea chavua, nani ataibeba?"

Siku hiyo mzinga ulipasuka, na sisimizi wakaanza kuwanyemelea watoto ndani. Nyuki aliruka mbio hadi kwenye alizeti, lakini alipata utamu tu, na utamu hauzibi ufa. Ungewaita sisimizi zaidi.

Akarudi kwenye msonobari, ameinamisha kichwa. "Jirani, watoto wetu wataliwa. Nahitaji kitu kinachonata."

"Njoo hapa gome lilipochubuka," Kindi alimwita. " Utomvu unatoka wenyewe."

Nyuki alibeba utomvu kwa miguu ya nyuma, akaenda na kurudi mara kumi na tisa, hadi ufa ukazibika wote.

"Sasa mti huu niutendee nini?" aliuliza akihema. "Chavua yake inabebwa na upepo."

"Hakuna. Hauna haja nawe hata kidogo," Kindi alisema kwa upole. "Umekupa tu."

Tangu hapo, kila asubuhi, Nyuki hutua kwanza kwenye msonobari, akatulia kidogo, ndipo akaenda kwenye alizeti.