Madebe Matatu ya Bibi Yuliana

"Madebe matatu ya maji kila alfajiri," alisema Dorothy, "na anaishi peke yake."

Mwalimu Ambakisye aliandika ubaoni. Wiki iliyotangulia aliwatuma wanafunzi wa darasa la sita wakamtazame jirani yeyote, warudi na walichokiona, si walichosikia. Kwanza tazama, kisha amua maana yake: ndilo lilikuwa somo. Yeye mwenyewe alitoka Tukuyu, kwenye mvua isiyokwisha, ambako hakuna anayeuliza maji yametoka wapi.

"Nani mwingine alimtazama Bibi Yuliana?"

"Mtungi wake mkavu, mwalimu," alisema Nikolao. "Na kanga yake ina vumbi la wiki nzima."

"Alianza lini kuteka maji mengi hivyo?"

"Januari. Shule ilipofunguliwa."

Mwalimu aliweka chaki chini. "Basi kuna mtu anayeoga sana, naye si mwenyeji wa hapa penye shida ya maji. Sivyo?"

Darasa zima liliinamia madawati. Nikolao aliinua kidole, kisha akakishusha.

Ilikuwa mwaka 1972. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, vita vilikuwa vimepamba moto, na kila kijiji kilikuwa kimeonywa kuhusu wapelelezi wa Wareno. Anayemficha mmoja alikwenda jela, awe kijana au ajuza. Mwalimu alimwonea huruma bibi wa watu. Lakini nchi ni nchi. Akapanda baiskeli mpaka Newala mjini, akaripoti.

Kesho yake kulipopambazuka, wanamgambo wanne kutoka mjini walijibanza pamoja naye kwenye mikorosho. Bibi Yuliana alipanda kutoka bondeni, debe kichwani. Hilo lilikuwa la tatu. Akaipita nyumba yake bila hata kuitazama.

"Mmeona?" mwalimu alinong'ona. "Mfuateni."

Wakamfuata, bunduki mkononi. Bibi alilipita kanisa, akakata kona kwenye uwanja wa mpira. Hapo mwalimu alianza kubaki nyuma.

Kwenye ua wa nyumba ya mwisho, bibi alimimina maji yote kwenye pipa lililokuwa kando ya bafu.

"Nani anakaa hapa?" mkubwa wa mgambo aliuliza.

Mwalimu alisogea kwenye pipa. "Shikamoo, bibi," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukuniambia una wageni nyumbani? Ngoja niteremke tena."